Siku Saba Katika Chombo cha Matanga

Mwanafunzi aliyezaliwa Pwani huenda akacheka akisikia ya kuwa wako watu wa Ulaya walipao fedha nyingi ili wafundishwe kutweka tanga. Kwetu mtoto huijua kazi hiyo kwa kumfuata baba yake, wala hapewi shahada. Lakini vyombo vya wenzetu si kama vyetu, na bahari yao nayo si kama yetu. Katika mwezi wa Juni wa mwaka 2018 nilialikwa na rafiki yangu, Mwingereza aliyefundisha pamoja nami Tanga miaka mingi iliyopita, nikakaa siku saba pamoja naye, na mkewe, na binti yao wa miaka kumi na mmoja, katika visiwa vya magharibi ya Ugiriki, nchi ambayo vitabu vya zamani huiita Uyunani. Nilikwenda nikijiona hodari, kwa kuwa mjomba wangu ni mvuvi wa ngalawa, nami nimepanda ngalawa tangu utoto. Someni mwone jinsi uhodari huo ulivyonifaa.

Kwanza yafaa tuijue bahari yenyewe. Tazameni ramani. Bahari ya Kati imezungukwa na nchi kila upande: kaskazini Ulaya, kusini Afrika, mashariki Asia. Mlango wake wa kutokea bahari kuu ni ule wa Gibraltar, ambao mahali palipo pembamba hupata kilometa 14 hivi. (Mfereji wa Suez ulichimbwa na watu, ukafunguliwa mwaka 1869.) Kwa hiyo maji ya bahari kuu hayapati nafasi ya kuingia na kutoka kwa wingi, na kupwa na kujaa huko ni jambo dogo. Unguja na Mombasa, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kadiri ya meta nne. Huko nilikokwenda hayafiki hata nusu meta. Chombo kikifungwa gatini jioni, asubuhi hukutwa pale pale, kamba zake hazikulegea wala hazikukaza.

Tena kuna habari ya upepo, nayo ni kubwa zaidi. Sisi tuna Kusi na Kaskazi, pepo zishikazo kwa miezi. Katika Bahari ya Ionia, iliyo kati ya Ugiriki na Italia, upepo wa wakati wa joto hufuata saa za mchana. Asubuhi bahari ni shwari, kama mafuta katika sahani. Ikifika saa saba au saa nane, nchi kavu imekwisha kupata moto, hewa yake yapanda juu, na upepo waja kutoka kaskazini-magharibi kuijaza nafasi ile. Wenyeji huuita maistro. Jua likitua, nao hulala. Basi mwanafunzi hupata asubuhi ya kujifunza mafundo na majina ya kamba, na alasiri ya kujaribiwa. Upande wa pili wa nchi hiyo, katika Bahari ya Aegea, mambo ni mengine. Huko mwezi wa Julai na wa Agosti huvuma meltemi, upepo mkali wa kaskazini uwezao kuendelea siku kadhaa bila kupumzika, hata mabaharia waliozoea hubaki bandarini. Apelekaye mwanafunzi huko kwanza hamtendei mema.

Visiwa tulivyozunguka ni Lefkada, Meganisi, Kefalonia na Ithaca. Havikuachana mbali, ukiwa katika kimoja waona milima ya kingine. Ithaca ndicho kisiwa cha Odysseus, yule mfalme ambaye mshairi Homer alisimulia jinsi alivyotangatanga miaka kumi baharini akitafuta kwao. Katika hadithi hiyo pepo mbaya zimefungwa ndani ya mfuko, na wenzake, hali wamekwisha kuiona nchi yao, wanaufungua wakidhani mna fedha ndani. Nilipoyaona mawimbi ya mlango ule wa Ithaca sikushangaa kwamba hadithi ilianzia huko.

Chombo chetu, ambacho watu huita yoti, kilikuwa na urefu wa meta kumi. Hakina mrengu kama ngalawa. Badala yake kina mkuku mzito wa chuma ulioshuka chini sana katika maji, na uzito wake hupata karibu theluthi ya uzito wa chombo chote. Upepo ukikilaza, uzito huo hukiinua tena. Mlingoti wake ni wa alumini. Tanga kubwa limeshikwa mlingotini kwa upande mmoja, na chini yake una mti mrefu ulioungwa na mlingoti kwa kiungo kama bawaba, uwezao kwenda kushoto na kuume. Mti huo nitauita mkono wa tanga. Ukumbukeni, maana nitautaja tena. Tanga la mbele ni dogo, nalo huzongwa na kuzongolewa kwa kamba moja, kama mkeka. Kamba ya kulivuta na kulilegeza tanga ni ile ile tunayoiita demani. Mashine ipo, lakini ni ya kuingilia na kutokea bandarini.

Hatukuwa peke yetu. Vyombo kumi vilisafiri pamoja, kila kimoja na watu wake, na kiongozi katika chombo chake mbele. Desturi hiyo ilianza katika Ugiriki miaka ya 1970. Kila asubuhi kiongozi alikusanya watu gatini, akawaeleza upepo utakaokuja, miamba ya kuepuka, na mahali pa kulala. Sheria ya Ugiriki haikubali mtu akodishe chombo cha namna hiyo asipokuwa na shahada. Rafiki yangu alikuwa nayo, na mkewe alikuwa amemaliza mafunzo ya siku tano ya baharia. Mimi nilikuwa abiria tu, tena abiria mwenye maneno mengi.

Sasa chukueni ubao, mchore mshale ushukao kutoka juu: huo ndio upepo. Hakuna chombo cha matanga kiwezacho kwenda moja kwa moja kuuelekea mshale huo. Matanga yatapigapiga kama nguo kambani, na chombo kitasimama. Lakini kikiukaa upepo kwa pembe ya digrii 45 hivi, kitakwenda. Mtauliza, yawezekanaje upepo ukisukumao chombo kukipeleka kule unakotoka? Shika mbegu ya chungwa iliyoloa kati ya kidole gumba na kidole cha pili, uibane. Itaruka mbele, ingawa vidole vyako vyaisukuma kwa ubavuni. Kidole kimoja ni upepo katika tanga, na cha pili ni maji yanayouzuia mkuku usiende upande. Kikibanwa kati ya hayo mawili, chombo hakina pa kwenda ila mbele.

Kwa hiyo atakaye kufika mahali palipo upeponi kabisa hana budi kubisha, yaani kwenda mshazari upande mmoja, kisha kugeuza na kwenda mshazari upande wa pili. Piga hesabu: ikiwa mahali hapo ni umbali wa maili 5, na chombo hukaa digrii 45 kila upande, kitakwenda maili 7 na kidogo. Katika jahazi kugeuza huko ni kazi ya watu wengi, kwa sababu foromali haina budi kuzungushwa mbele ya mlingoti. Katika yoti, anayeshika usukani hulielekeza gubeti upeponi, tanga kubwa hujihamisha lenyewe, na mtu mmoja hulegeza demani ya tanga la mbele upande huu na mwingine huivuta upande ule. Hazipiti nusu dakika. Binti yule aliifanya kazi hiyo huku akila tufaha.

Siku tatu za kwanza zilikwenda vema. Siku ya nne tulitoka Fiskardo, mji mdogo wa kaskazini ya Kefalonia. (Tetemeko la nchi la mwaka 1953 liliziangusha nyumba karibu zote za kisiwa hicho, lakini za Fiskardo nyingi zilisalimika, nazo zatazamika hata leo.) Tulielekea kusini katika mlango ulio kati ya Kefalonia na Ithaca. Upepo ulikuwa wa tezi, yaani nyuma yetu kabisa, na tanga kubwa limefunguliwa mpaka mwisho upande wa kushoto. Nikaomba kushika usukani. Rafiki yangu akanipa, akasema, "Mwalimu, upepo wa nyuma waonekana mpole. Usiuamini. Uusikie sikio la kuume siku zote. Ukiusikia la kushoto, umekwisha kukosea."

Nikamjibu, "Nimezaliwa na upepo wa tezi."

Na kweli ulionekana mpole, maana chombo kikikimbia pamoja na upepo, aliye ndani hausikii sana. Milima ya pande zote mbili ni mirefu, na upepo ukipita kati yake hukazana, tena hushuka mabondeni kwa vishindo. Mimi nilikuwa nikitazama mbuzi waliosimama juu ya jabali la Ithaca, nikistaajabu wanakula nini. Gubeti likaenda kidogo kidogo upande wa kushoto. Nikausikia upepo katika sikio la kushoto, na kabla sijafahamu maana yake, tanga lote likaruka. Ule mkono wa tanga ukapita toka kushoto hata kuume kwa nguvu, ukasimama kwa mshindo uliotikisa mlingoti.

Yule binti alikuwa amesimama pale pale ulipopita. Lakini dakika ile kijiko chake kilikuwa kimeanguka, naye ameinama kukiokota. Mti ulipita juu ya mgongo wake. Aliinuka na kijiko mkononi, akatuuliza, "Kuna nini?"

Hakuna aliyemjibu. Mama yake alimvuta akamketisha. Baba yake alishika usukani juu ya mikono yangu, akakirudisha chombo katika njia yake, kisha akachukua kamba, akaufunga ule mkono wa tanga kwa mbele ili usiweze kuruka tena. Ndipo aliposema, kwa sauti ya kawaida, "Kamba hii ilinipasa kuifunga kabla sijakupa usukani. Kosa ni letu sote wawili." Mimi mikono ilikuwa ikitetemeka. Mti kama ule ukimpiga mtu kichwani huweza kumwua, au kumtupa baharini hali amezimia. Na watu wamekufa kwa njia hiyo, wengine wao mabaharia wa miaka mingi.

Nikamwambia kwamba sitashika usukani tena. Hakunibishia. Lakini jioni, bandarini, alimwita kiongozi, nikamweleza habari yote. Yeye hakunikemea wala hakunifariji. Aliniuliza mambo mawili tu: upepo ulikuwa upande gani, na macho yangu yalikuwa wapi. Nilipomtajia wale mbuzi alitabasamu kidogo, akasema ya kuwa kesho upepo utakuwa wa bisho kwa sababu tutarudi kaskazini, na katika kubisha usukani hauruhusu mtu kutazama mbuzi. Afadhali nishike mimi.

Basi siku ya tano nilishika, na mwalimu wangu akawa yule binti. Alikaa karibu nami, akanionyesha utepe mdogo wa sufi ulioshonwa katika tanga la mbele. Ukilala sawa kwa nyuma, njia ni njema. Ukirukaruka, umekaribia upepo mno. Kila kabla ya kugeuza alinifundisha kupaza sauti, "Tayari?", na kungoja mpaka kila mtu amejibu, "Tayari!" Nilipotaka kugeuza bila kungoja jibu lake, alisema, "Bado, Mwalimu. Sijajibu." Tuligeuza mara kumi na moja mpaka Fiskardo. Mara moja tulikutana na chombo kingine kikibisha kama sisi. Sheria ya bahari yasema, kipatacho upepo kwa upande wa kushoto humpisha kipatacho kwa kuume. Sisi tulikuwa wa kushoto. Nikapisha, na mzee aliyekiendesha akaniinulia kofia.

Kulala bandarini huko kuna namna yake. Chombo huacha nanga mbali na gati, kisha hurudi kinyumenyume kwa mashine, mnyororo ukitoka, mpaka tezi ikaribie gati na kufungwa kwa kamba mbili. Mnyororo usipungue mara nne ya kina cha maji, ama sivyo nanga hukwaruza chini bila kushika. Vyombo hupangwa hivyo ubavu kwa ubavu kama vitabu rafuni, na asubuhi mara nyingi hukutwa mnyororo wa mmoja umelala juu ya nanga ya mwenzake. Hapo ndipo utasikia lugha zote za Ulaya.

Niliporudi Tanga nilimwendea mjomba wangu pwani, nikamkuta anashona tanga. Nikamwamkia, nikamsimulia habari zote, hata ya mti uliopita juu ya mtoto. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mrengu wao uko wapi?"

Nikamwambia, "Hawana, mjomba. Wana chuma kizito chini."

Akafikiri. "Chuma hicho kikikwama mchangani, hungoja maji yajae?"

Nikamweleza kwamba kule maji hayajai. Akwamaye hana la kungoja, ila avutwe na wenzake. Mjomba alitikisa kichwa, akatia uzi sindanoni, akaniambia nishike upande wa pili wa tanga.