Kondoo Wakitupa Mimba Baada ya Mafuriko: Fahamu Homa ya Bonde la Ufa

Homa ya Bonde la Ufa ni ugonjwa wa mifugo unaoambukiza binadamu. Wataalamu waliueleza mara ya kwanza mwaka 1931, baada ya wana-kondoo kufa kwa wingi katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Tangu hapo umekuwa ukipotea na kurudi. Ulirudi na mvua za El Niño za 1997 na 1998. Mwishoni mwa 2006 ulizuka tena, ukaonekana kwanza Garissa, na hadi kutulia kwake mwaka 2007 watu zaidi ya 150 walikuwa wamefariki nchini. Mwaka 2018 ulikuwa Wajir.

Miaka ya kimya huwafanya watu wausahau, ilhali haujaenda popote. Mbu aina ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde na vidimbwi vinavyokauka. Mayai hayo huweza kukaa miaka mingi katika ardhi kavu, virusi vikiwa ndani. Maji ya mafuriko yakituama hapo, mayai huanguliwa na mbu hutoka wakiwa tayari na virusi. Huwauma mifugo, kisha mbu wa aina nyingine huvichukua virusi kwa mifugo hao na kuvieneza.

Dalili kubwa ni kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia wengi kutupa mimba kwa wakati mmoja, na watoto wao wachanga kufa. Baadhi hutokwa na damu puani. Wafugaji Wasomali huuita ugonjwa huu sandik, jina linalotokana na damu hiyo. Watafiti waliowahoji wafugaji wa kaskazini mashariki baada ya mlipuko wa 2006 na 2007 waliambiwa kuwa mifugo iliugua wiki mbili na zaidi kabla ya mtu wa kwanza kuugua. Wiki mbili si haba. Mfugaji anayempigia simu afisa wa mifugo siku mimba za kwanza zinapotupwa anaokoa majirani zake pia, si kundi lake tu.

Hatari iko pia kwenye kisu

Mbu huambukiza watu, lakini wengi huupata ugonjwa kwa kugusa damu, viungo au kijusi cha mnyama mgonjwa. Hapa ndipo penye ugumu. Mbuzi ni karo na ni chakula, na familia ikimwona anakata roho, humchinja haraka asije akawa mzoga. Jambo hilo linaeleweka. Hata hivyo, anayechinja, anayechuna ngozi na anayeosha matumbo wote hushika virusi kwa mikono mitupu. Kupika nyama vizuri huua virusi, ila kufikia wakati wa kupika mikono imeshaloa damu.

Wakazi wanahimizwa wasichinje wala kuchuna mnyama mgonjwa, na wasile nyama ambayo haijakaguliwa. Mizoga, vijusi na kondo la nyuma vifukiwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hawawezi kulifukua, na anayevishika avae glavu. Maziwa yachemshwe.

Mtu aliyeambukizwa huanza kuugua baada ya siku 2 hadi 6. Homa, maumivu ya kichwa, misuli na viungo hufanana na malaria, na wengi hupona ndani ya wiki moja. Wachache hupatwa na matatizo ya macho au ubongo, au hutokwa na damu, na baadhi yao hufa. Mgonjwa amweleze mhudumu wa afya kwamba alishika mnyama mgonjwa au mzoga, hasa kipimo cha malaria kikionyesha hana. Bila kuelezwa, mhudumu hana namna ya kujua.

Chanjo ya binadamu iliyoidhinishwa bado haipo. Ya mifugo ipo, na hutengenezwa humu nchini na KEVEVAPI. Wakati wake ni kiangazi, kabla ya mvua kubwa. Kwa kuwa ina virusi hai vilivyodhoofishwa, inaweza kumfanya mnyama mwenye mimba aitupe, kwa hiyo mfugaji amweleze daktari wa mifugo ni wangapi wana mimba. Mlipuko ukishaanza, kuchanja kunaweza kuueneza ugonjwa, kwani sindano inayotoka kwa mnyama mmoja hadi mwingine hubeba virusi kama mbu.