Magari Sita, Ng'ombe Kumi na Wawili

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Hes. 7:1–9, Hes. 4:24–33, Kut. 36:5–7, Kut. 21:28, 29, Mal. 1:6–8, Mdo 5:1–4, 2 Kor. 8:12, 20, 21.

Fungu la Kukariri: 2 Wakorintho 8:12.

Katika makanisa yetu ya mjini ziko familia ambazo watoto wamekua na kwenda vyuoni, na lile gari kubwa la viti saba sasa linashinda uani. Baba na mama wamenunua dogo linalokula mafuta kidogo. Hilo kubwa tulifanyie nini?

Juma hili tuwawazie wazazi wa namna hiyo. Wana Prado ya dizeli ya mwaka 2004, iliyokwisha kutembea kilomita 290,000. Wameomba, wamekubaliana kuitoa kwa zahanati ya kanisa kijijini, kilomita 70 kutoka hospitali ya wilaya. Lakini mzee mmoja wa kanisa amewaambia, "Ndugu zangu, msiwape mzigo. Uzeni, mtoe fedha." Mama amesikitika. Kwake, fedha itayeyuka, bali gari litaonekana likibeba wagonjwa. Wakati tukijifunza, tuendelee kuwafikiria wazazi hawa na mzee huyu.

JUMAPILI: Gari na cha Kulivuta

Soma Hesabu 7:1–3. Wakuu wa Israeli walileta nini, na waligawanaje gharama?

Watu wengi huipita sura hii haraka kwa sababu ya orodha yake ndefu ya sahani na mabakuli. Lakini kabla ya orodha hiyo iko sadaka ya vyombo vya usafiri. Wakuu kumi na wawili walileta magari sita yaliyofunikwa, gari moja kwa kila wakuu wawili. Na kila mkuu akaleta ng'ombe mmoja. Kwa hiyo kila gari lilifika na ng'ombe wawili wa kulivuta. Walawi hawakuachiwa magari mazuri yasiyo na kitu cha kuyaendesha.

Hapo mzee wa kanisa ana hoja. Kwenda hospitali ya wilaya na kurudi ni kilomita 140. Gari likienda kilomita 7 kwa lita moja, safari moja ni lita 20. Safari mbili kwa juma ni lita 40, nazo kwa mwezi zinapita 160. Bado dereva, tairi, oili na fundi. Zahanati yenye muuguzi mmoja na sanduku dogo la fedha itavipata wapi? Ng'ombe wa gari hili ni nani?

Hilo halimaanishi kwamba wazazi hawa wabebe yote peke yao. Hata mle jangwani wakuu wawili walishirikiana gari moja. Familia inaweza kutoa gari, na kundi la Shule ya Sabato likachukua mafuta ya miezi sita.

JUMATATU: Kwa Kadiri ya Utumishi

Soma Hesabu 7:4–9, kisha Hesabu 4:24–33. Kwa nini Musa hakugawa magari sawasawa?

Bwana alimwambia Musa avipokee vitu hivyo, na papo hapo akamwagiza awape Walawi kulingana na kazi ya kila mmoja. Wana wa Gershoni, waliobeba mapazia na vifuniko, walipata magari mawili na ng'ombe wanne. Wana wa Merari walipata manne na ng'ombe wanane. Ukisoma Kutoka 38:27 utaona sababu: kulikuwa na vitako 100 vya fedha vya kusimamishia mbao na nguzo, kila kimoja talanta moja. Tukikadiria talanta kuwa kilo 34 hivi, vitako hivyo peke yake ni zaidi ya tani tatu, mbali na mbao zenyewe.

Na wana wa Kohathi? Hawakupewa hata gari moja, kwa kuwa kazi yao ilikuwa kubeba vitu vitakatifu mabegani. Hawakudharauliwa. Gari halikufaa kazi yao. Miaka mingi baadaye sanduku la agano liliwekwa juu ya gari jipya kabisa, na tunajua yaliyompata Uza (2 Sam. 6:3–7).

Kwa hiyo swali la kwanza la mtoaji liende kwa mpokeaji: ninyi mnabeba nini? Ndani ya Prado mgonjwa asiyeweza kuketi hawezi kulala vizuri mpaka viti vikunjwe au ving'olewe. Huenda zahanati ile inahitaji zaidi jokofu la chanjo na pikipiki ya muuguzi, na bei ya gari ingevinunua vyote viwili. Au huenda barabara yake haipitiki masika bila gari la magurudumu manne, nalo ndilo jibu la maombi yao. Anayejua ni muuguzi aliyeko kule, nasi mara nyingi hatumuulizi. Naye aachwe huru kusema hapana. Katika Kutoka 36:5–7 Musa mwenyewe aliwazuia watu wasilete tena.

JUMANNE: Ng'ombe Aliyezoea Kupiga Pembe

Soma Kutoka 21:28, 29 na Malaki 1:6–8. Kujua kasoro kunabadilishaje wajibu wa mwenye mali?

Ng'ombe aliyemwua mtu kwa mara ya kwanza, mwenyewe hakuhesabiwa hatia. Lakini kama alikuwa na mazoea hayo, na mwenyewe ameonywa asimzuie, hatia ilikuwa yake. Mwenye gari analijua gari lake. Anajua breki zinazovuta upande mmoja, na moto unaopanda mlimani. Kumkabidhi dereva wa wagonjwa gari hilo bila kusema neno si ukarimu.

Mpelekeeni fundi alikague, na mwandike kasoro zote kwenye karatasi. Msiziamini tairi kwa kuwa kashata zake bado ni ndefu. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 2317 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2017. Mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama uani.

Malaki aliwapa makuhani kipimo rahisi: mpelekee liwali wako mnyama huyo, uone kama atakupokea. Je, tungempa mkuu wa wilaya gari hili kama lilivyo?

JUMATANO: Chini ya Mkono wa Ithamari

Soma 2 Wakorintho 8:20, 21. Magari ya Hesabu 7 yalikuwa chini ya usimamizi wa Ithamari, mwana wa Haruni. Yalikuwa na mtu wa kuulizwa.

Kwetu Tanzania, funguo peke yake hazihamishi gari. Umiliki huhamishwa TRA (Kenya ni NTSA), na mpaka jina libadilike kwenye kadi, faini na mashauri humtafuta mwenye jina la zamani. Jina jipya liwe la chombo kilichosajiliwa kisheria, lisiwe la mchungaji wala la muuguzi. Wao huhamishwa. Bima nayo msidhani inahama yenyewe. Na kubeba wagonjwa si matumizi ya nyumbani, kwa hiyo kampuni ya bima iulizwe kwanza.

ALHAMISI: Bei ya Shamba

Soma Matendo 5:1–4. Petro alimwambia Anania kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuuzwa fedha ilikuwa katika uwezo wake. Kosa lake lilikuwa wapi?

Nchini Marekani kutoa magari yaliyotumika kwa mashirika ya hisani ni desturi ya muda mrefu, na mtoaji anaweza kupata nafuu ya kodi. Zamani mtoaji alidai thamani aliyoikadiria, na wengine walikadiria juu mno. Sheria iliyopitishwa mwaka 2004 ilibadili hilo kuanzia 2005: kwa gari linalodaiwa zaidi ya dola 500, shirika likiliuza, kwa kawaida mtoaji hawezi kudai zaidi ya bei lililouzwa kweli. Likitumika hasa katika kazi ya shirika, kanuni ni nyingine. Waumini wenzetu waongeao Kiswahili walioko huko walijue hili. Sisi wengine hatuna fomu hiyo ya kodi, lakini tuna matangazo ya Sabato.

IJUMAA: Maswali ya Kujadili

1. Kundi lenu likiwa ndilo baraza la kanisa, mngemjibu nini mama yule anayetaka gari lionekane likibeba wagonjwa? Jibuni kwa upole. Hamu yake si kiburi lazima.

2. Muuguzi amejibu kwamba gari analihitaji, ila hawezi mafuta. Nani katika kundi lenu angekuwa ng'ombe wa kwanza, na kwa miezi mingapi?

3. Fundi amesema breki na tairi zigharimiwe kabla gari halijatoka. Wazazi hawana fedha hiyo. Kwa mwanga wa 2 Wakorintho 8:12, je, walitoe kama lilivyo, waliuze, au wasubiri?