Nyumba Ina Thamani Gani Ndoa Ikivunjika?



Somo letu la leo linahusu nyumba na talaka. Tuanze na mfano.

Bwana na bibi wanaishi Buguruni, Dar es Salaam. Nyumba yao ina vyumba sita, vitatu kila upande, na ukumbi katikati. Vyumba vitatu wamepangisha. Waliijenga pamoja kwa miaka kumi. Bwana alinunua saruji na bati. Bibi aliuza maandazi, akapika, akalea watoto na kuwasimamia mafundi.

Sasa wanaachana. Bwana anasema, "Nyumba hii ni ya shilingi 20,000,000. Chukua 10,000,000, tumemalizana."

Je, bibi akubali? Hapana, asikubali upesi. Kwanza nyumba ithaminiwe.

Kuthamini ni nini?

Kuthamini ni kukadiria bei ambayo nyumba ingeuzwa leo. Kazi hii hufanywa na mthamini aliyesajiliwa kwa sheria ya mwaka 2016. Dalali wa mtaani si mthamini. Mthamini hutazama mambo haya:

1. Kiwanja: ukubwa wake, mahali kilipo, na karatasi zake, kama hati au leseni ya makazi.
2. Jengo: kuta, paa, sakafu, maji na umeme.
3. Kodi ya vyumba vilivyopangishwa.
4. Bei ya nyumba za jirani zilizouzwa karibuni.

Siku ya kupima, bwana na bibi wote wawepo. Kila mmoja apate nakala ya taarifa.

Tufanye hesabu

Tuseme mthamini ameandika 60,000,000. Nusu yake ni 30,000,000. Bibi alikuwa apewe 10,000,000. Angekubali, angekosa shilingi 20,000,000 kwa siku moja!

Lakini tusidanganyane. Mahakama haigawi nusu kwa nusu kila mara. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inataka mahakama itazame mchango wa kila mmoja, wa fedha, mali au kazi. Itazame pia madeni ya pamoja na mahitaji ya watoto wadogo.

Je, kupika na kulea ni mchango? Ndiyo. Mahakama ya Rufani ilisema hivyo mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Hata hivyo, bibi huyo hakupata fungu. Mahakama iliona kwamba alitumia vibaya fedha alizopewa na mumewe kwa mradi wa familia. Basi mchango hutazamwa pande zote.

Ufanye nini?

Anzeni kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Likishindwa, nendeni mahakamani. Tunza risiti za saruji, bati na mafundi. Andika majina ya mashahidi. Kumbuka pia kwamba mume au mke haruhusiwi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake.

Wewe uliye kijijini usiseme, "Hayo ni ya mjini." Nyumba yako ya udongo na shamba mlilofyeka pamoja ni mali pia. Sheria ni hiyo hiyo.

Ulijifunza kusoma na kuandika. Basi usitie dole gumba wala sahihi kwenye karatasi ya mgawanyo kabla hujaisoma mpaka mwisho.

Maswali

1. Mthamini hutazama mambo gani manne?
2. Nyumba ni ya shilingi 36,000,000. Nusu yake ni ngapi?
3. Wewe umeweka wapi risiti za nyumba yako?