Kiko, Kopo na Pua: Je, Tumbaku ya Zamani Ilikuwa Bora Zaidi?

Mwanzoni mwa mwaka 2018 kampuni ya McClelland ya Kansas City, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, ilitangaza kuwa inafunga kazi. Ilikuwa kampuni ndogo iliyoanzishwa mwaka 1977, na sifa yake ilitokana na tumbaku ya kiko, hasa ile ya aina ya Virginia. Mwaka huohuo tumbaku za kiko zilizobeba jina la Dunhill nazo zilisitishwa. Jina hilo lilianzia katika duka alilolifungua Alfred Dunhill mtaa wa Duke, London, mwaka 1907. Wavutaji wa kiko wa Marekani na Uingereza, wengi wao watu wa makamo na wazee, waliyakimbilia madukani makopo yaliyosalia. Waliyanunua kwa makasha, wakayafungia kabatini, na baadaye makopo hayohayo yakauzwa kwa bei iliyopanda mara kadhaa.

Tangu hapo malalamiko yamekuwa yaleyale: tumbaku ya siku hizi si kama ya zamani. Masikitiko ya namna hii si mageni kwa msomaji, maana kila kijiji kina mzee anayeapa kwamba mchele wa siku zile ulinukia mpaka kwa jirani. Mwanasayansi halidharau dai kama hilo, wala halikubali kwa sababu tu limesemwa na wengi. Hulitenga katika sehemu zake, kisha akaichunguza kila sehemu peke yake. Hapa sehemu ni tatu: kuna jani, kuna kopo, na kuna pua ya mvutaji. Ni ipi iliyobadilika?

Jani na moto

Tumbaku ya Virginia haitambulikani kwa mbegu tu, bali pia kwa jinsi inavyokaushwa. Kwa mujibu wa masimulizi yanayotajwa mara nyingi, mbinu hiyo ilizuka mwaka 1839 katika wilaya ya Caswell, North Carolina, kwenye shamba la Abisha Slade. Mtumwa mmoja aliyeitwa Stephen, ambaye alikuwa mhunzi, aliwekwa usiku kulinda moto wa kukaushia majani. Usingizi ukamchukua. Alipogutuka, moto ulikuwa karibu kuzimika, naye kwa hofu akaokoa jambo kwa kutupia makaa ya mhunzi. Joto kali lisilo na moshi mwingi likapanda ghafla, na majani yakatoka yakiwa ya manjano kama dhahabu badala ya kahawia. Jani hilo lilipata bei nzuri sokoni. Sifa na fedha zilimwendea Slade. Stephen aliendelea kuwa mtumwa.

Baadaye wakulima waliweka mabomba ya chuma ndani ya mabanda yao ili joto liingie bila moshi kuligusa jani. Utaratibu huo ndio unaotumika katika mabani ya Urambo, Tabora na Chunya: moto huwashwa mdomoni mwa tanuri, moshi hupita ndani ya mabomba na kutokea nje, na kinacholifikia jani ni hewa ya moto tu. Kwa Kiswahili tumbaku hii huitwa tumbaku ya mvuke, jina ambalo laweza kumpotosha mwanafunzi, kwani hakuna mvuke unaotumiwa kuikausha.

Yanayotokea ndani ya bani ni somo zuri la kemia. Kwa siku mbili hivi za kwanza joto huwekwa kati ya nyuzi 35 na 40 za sentigredi, na unyevu huachwa uwe mwingi. Jani limechumwa, lakini halijafa: chembe zake bado zinapumua. Vimeng'enya huvunja wanga kuwa sukari, na rangi ya kijani ya klorofili hutoweka, ikafichua rangi ya manjano ya karotini iliyokuwamo tangu mwanzo. Hapo mkaushaji huongeza joto. Likifika karibu na nyuzi 55 jani hukauka, vimeng'enya husimama, na ile sukari hubaki imenaswa. Mwisho joto hufikishwa nyuzi 70 au zaidi kidogo ili mshipa mkuu wa katikati nao ukauke. Kazi yote huchukua takriban wiki moja.

Linganisha na tumbaku ya burley, ambayo hutundikwa kivulini kwa wiki kadhaa. Kwa kuwa hukauka polepole, jani lake huendelea kupumua na kuichoma sukari yake lenyewe, mpaka isalie kidogo mno. Katika jani la Virginia sukari yaweza kufikia takriban sehemu moja ya tano ya uzito mkavu. Tofauti ya utamu kati ya majani hayo mawili kwa kiasi kikubwa ni tofauti ya mwendo wa kukauka.

Karotini nayo ina mchango wake. Ikivunjika polepole, hutoa molekuli ndogo zenye harufu. Mojawapo ni damaskenoni, ambayo hupatikana pia katika mafuta ya waridi. Kwa hiyo mvutaji anayedai kwamba kopo lake linanukia maua na matunda makavu hana haja ya kuchekwa.

Lakini sukari hiyo ina upande wa pili. Ikiungua hutoa asidi, na moshi wenye asidi haukwaruzi koo sana. Huvutwa kwa urahisi hadi mapafuni, ambako nikotini huingia katika damu kwa haraka. Ulaini huohuo unaosifiwa na wapenzi wa Virginia ndio ulioifanya sigara iweze kuenea ulimwenguni katika karne ya 20. Wavutaji wengi wa kiko hawauvuti moshi mpaka mapafuni, lakini saratani ya midomo, ya kinywa na ya koo huwapata, na ya mapafu pia.

Soko lililogeuka

Je, jani lenyewe limebadilika? Kwa Marekani, jibu ni ndiyo. Kuanzia mwaka 1938 serikali ya nchi hiyo iliendesha mpango wa kugawa viwango vya kilimo cha tumbaku, na kwa miaka mingi mavuno yaliuzwa kwa mnada. Mnunuzi alipita katika maghala, akashika jani, akalinusa, akachagua fungu alilolitaka. Mwanzoni mwa karne hii minada ilipungua na mikataba ikachukua nafasi yake: mkulima alilima kile alichoagizwa na kampuni kubwa ya sigara. Sheria ya mwaka 2004 ikaufuta mpango wa viwango, na wakulima wengi wakaacha zao hilo.

Mwenye kiwanda cha sigara huhitaji majani mengi yanayofanana. Mtengenezaji wa tumbaku ya kiko huhitaji majani machache ya namna ya pekee, hasa yale ya juu ya mmea yaliyoachwa yakomae sana, ambayo yakikaushwa hupata rangi nyekundu. Yeye hununua kidogo, na mwenye kununua kidogo haagizi. McClelland, iliyojulikana kwa majani hayo mekundu, ilitaja ugumu wa kuyapata kwa ubora ilioutaka miongoni mwa sababu za kufunga.

Hata hivyo, kubadilika si lazima kuwe kuharibika. Tangu miaka ya 1970 wakulima wengi wa Marekani walikuwa wametumia mitambo ya gesi ambayo hewa yake chafu ilitoka humohumo ndani ya bani. Oksidi za nitrojeni kutoka katika moto ule zilikutana na nikotini na jamaa zake, zikazalisha nitrosamini. Mnamo miaka ya 2000 mitambo hiyo ilibadilishwa ili moto na jani vitenganishwe tena, yaani walirejea kwenye kanuni ileile ya mabomba. Mwaka 2007 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilichapisha uamuzi wake wa kuziweka nitrosamini mbili za tumbaku, NNN na NNK, katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Sehemu ya jani linaloliliwa leo, basi, ilibeba sumu hiyo kwa wingi kuliko jani lililofuata. Pua haikumwarifu mvutaji jambo hilo hata kidogo.

Kopo halilali

Wenye kuhifadhi makopo huamini kwamba wameufungia wakati ndani ya bati. Mambo hayako hivyo. Ndani ya kopo lililozibwa sukari na asidi za amino huendelea kukutana, kama alivyoeleza Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Ni mmenyuko uleule unaoupa mkate ganda lake la kahawia na buni harufu yake inapokaangwa. Katika tanuri huchukua dakika. Katika kopo lililowekwa kabatini huchukua miaka. Tumbaku hugeuka rangi, ukali wake hupungua, na harufu mpya huzaliwa. Aliyefungua leo kopo lililozibwa mwaka 1995 hakufungua tumbaku ya mwaka 1995. Amefungua kitu ambacho mnunuzi wa mwaka ule hakupata kukionja.

Kopo likishafunguliwa mambo huenda mbio zaidi. Makopo ya McClelland yalikuwa maarufu kwa harufu iliyowakumbusha wanunuzi sosi ya nyanya, yaani harufu ya siki. Siki huvukiza upesi. Kiko cha siku ya kwanza na kiko cha wiki ya pili, kutoka kopo moja, havikuwa na harufu moja.

Pua ya miaka 30 na pua ya miaka 70

Imebaki sehemu iliyo ngumu kuliko zote. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel walichapisha ugunduzi wa jeni za vipokezi vya harufu, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi hivyo. Taarifa kutoka puani hufika haraka katika sehemu za ubongo zinazohusika na hisia za moyoni na kumbukumbu, bila kupitia kwanza kituo ambacho taarifa za macho na masikio hupitia. Ndiyo sababu harufu moja yaweza kumrudisha mtu katika chumba cha baba yake kabla hata hajaitambua ni harufu ya nini.

Lakini uwezo wa kunusa hupungua kwa umri, hasa baada ya miaka 60, na uvutaji huupunguza zaidi. Mzee anayelinganisha kiko cha leo na kile cha ujana wake anatumia vyombo viwili tofauti vya kupimia, na kimoja kati ya hivyo hakipo tena. Zaidi ya hayo, nikotini huufunza ubongo. Kila harufu ya kopo ilipofuatwa na nikotini, vitu hivyo viwili viliunganishwa, kama kengele na chakula kwa mbwa wa Pavlov. Sehemu ya kile kiitwacho hamu ya zamani ni uraibu uliovaa joho la kumbukumbu.

Mfano wa Dunhill unafundisha. Mwaka 2019 michanganyiko mingi iliyokuwa na jina hilo ilirudi madukani kwa jina la Peterson, ikitoka kiwanda kilekile cha Denmark. Wapo walioridhika, na wapo waliosema kwamba ladha imepotea. Mara nyingi walioyasema hayo walikuwa wamekwisha kuisoma lebo mpya.

Jaribio la darasani

Njia ya kumaliza ubishi wa aina hii ni jaribio la pembetatu, na mwalimu aweza kulifanya kwa chai. Tumbaku isiletwe shuleni. Tayarisha birika mbili, za majani ya chai ya aina mbili. Kila mwonjaji apewe vikombe vitatu: viwili kutoka birika moja na kimoja kutoka birika la pili, bila kujua kipi ni kipi. Kazi yake ni kukitaja kile kilicho tofauti. Anayebahatisha ana nafasi moja kati ya tatu ya kupatia.

Wakiwepo waonjaji 12, bahati peke yake itawapa kwa wastani majibu 4 sahihi. Wakipatia 7, haitoshi: jambo hilo, au zaidi yake, hutokea kwa bahati karibu mara 7 katika 100. Wakipatia 8 au zaidi, bahati ingeweza kufanya hivyo chini ya mara 2 katika 100, na hapo yaweza kusemwa kwamba tofauti ipo na inaonjeka. Wanafunzi wa hisabati wazikokotoe namba hizi wenyewe. Vikombe vyote viwe vya rangi moja, sukari iwe kiasi kimoja, na chai yote iwe na joto moja, maana kikombe kilichopoa hujitangaza chenyewe. Mpangilio wa vikombe ubadilishwe kwa kila mwonjaji, na anayevigawa asijue kilichomo.