Kupanga chumba Dar es Salaam ukiwa bado hujapata kazi

Laki tatu ukiwa nayo kijijini ni fedha. Ukishuka nayo stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, hujui nani atakupa kibarua kesho, inaweza kuisha kabla hujapata pa kuweka godoro. Piga hesabu mwenyewe. Chumba ni elfu 50 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita: laki tatu zimekwisha. Dalali naye anadai chake, kodi ya mwezi mmoja, elfu 50 ambayo huna tena. Hujanunua ndoo, hujala, na nauli ya kuzungukia kazi huna.

Ndiyo maana neno langu la kwanza kwa anayekuja Dar bila kazi ni hili: usipange chumba wiki ya kwanza. Kama una ndugu au mtu wa kwenu, hata wa mbali, fikia kwake na umwambie mapema unakusudia kukaa muda gani. Amka kabla ya wenyeji, chota maji, fagia uwanja, changia unga hata kilo mbili. Huna mtu kabisa? Lala gesti siku mbili tatu, lakini siku hizo uzitumie kutembea mitaa, si kulala.

Mimi nilifanya kinyume. Nilifika kutoka Tabora mwaka 2009, na siku ya pili tu nikamfuata dalali niliyekutana naye kituo cha daladala. Chumba kilikuwa kizuri, sakafu ya saruji, dirisha lenye nondo. Nikamlipa mtu aliyejiita mwenye nyumba kodi ya miezi mitatu, akanikabidhi funguo. Jioni narudi na begi langu, nikawakuta wenzangu wawili wamesimama mlangoni, kila mmoja na funguo yake, na zote zinafungua kitasa kilekile. Aliyetupangisha alikuwa mpangaji kama sisi, na alfajiri ile alikuwa amehama.

Siku hizi simkabidhi mtu shilingi kabla sijaongea na majirani na mjumbe wa shina. Swali ni moja tu: nyumba hii ni ya nani? Mjumbe anajua. Mama anayeuza maandazi nje ya geti anajua, na mara nyingi atakwambia hata usiyoyauliza: kwamba choo kinafurika, kwamba mpangaji aliyetoka alidai hela yake miezi miwili. Ukifika wakati wa kulipa kwa simu, tazama jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Lisipofanana na jina la mwenye nyumba uliyetajiwa, simama hapo hapo. Na dalali anayekudai hela ya kukuonyesha vyumba, akakuzungusha kutwa kwenye vyumba vilivyokwisha kupangwa, mwache mapema.

Chagua mtaa kwa kufuata kazi unayoitafuta. Wanaotafuta vibarua vya Kariakoo hukaa Manzese, Tandale, Kigogo au Buguruni kwa sababu siku ambayo hakuna nauli miguu inafika. Anayelenga viwanda vya Barabara ya Nyerere atazame Vingunguti, Kiwalani na Temeke. Vyumba vya Chanika au Mbagala ya ndani huwa na bei nafuu, lakini jumlisha nauli ya kwenda na kurudi kwa siku 26 uone kama unafuu huo bado upo.

Chumba kitazamwe mchana, na ikiwezekana siku ya mvua. Hasa bonde la Msimbazi, maana mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na serikali ikahamishia familia nyingi Mabwepande, na hadi leo maji hurudi Jangwani na sehemu za Kigogo kila masika yakiwa makubwa. Ukiingia chumbani, usitazame dari kwanza. Tazama ukuta chini. Ukiona rangi mpya imepakwa hadi usawa wa goti tu na juu yake rangi imepauka, sogeza kochi au kabati lililoachwa ukutani. Nyuma yake utaukuta mstari wa matope walioshindwa kuufikia kwa brashi. Chumba hicho hakikufai hata kwa nusu ya bei.

Halafu uliza mambo ya nyumba. Umeme wa LUKU mnachangia kwa kichwa au kwa vifaa? Maji ni ya bomba la DAWASA au ya kisima chenye chumvi, na ndoo ni bei gani? Geti linafungwa saa ngapi? Swali hili la geti wengi hulisahau, na ukija kupata kazi ya zamu ya usiku utalala nje. Jua pia kwamba tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, nayo ni deni la mwenye nyumba, si la mpangaji. Zungumzeni mapema namna atakavyokurudishia.

Sasa tuje kwenye mazungumzo yenyewe, ambapo wasio na kazi wengi hudanganya. Husema wameajiriwa, wakishakosa kodi ya mwezi wa pili uongo unatoka na wao wanatoka. Nimeona mara nyingi kwamba ukweli unafungua milango zaidi, ila uje na mtu wa kukusimamia: shemeji, mzee wa kanisani au msikitini, mtu wa kwenu mwenye kibanda mtaa huo huo. Hivi ndivyo nilivyopata chumba changu cha pili, nikiwa na fundi cherehani mmoja tuliyetoka naye wilaya moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unafanya kazi wapi?"

"Bado natafuta, mama. Nina kodi ya miezi miwili mkononi, nikipata kibarua nitakuongezea. Baba huyu hapa ananifahamu mimi na nyumbani kwetu."

Mama alimtazama fundi muda mrefu, kisha akasema, "Mwezi ukiisha nikukute wewe, nisimfuate yeye." Nikaingia.

Wenye nyumba wanaopokea mwezi mmoja au miwili wapo, hasa nyumba za uswahilini ambazo mwenyewe anaishi humo humo. Ukikosa kabisa, changieni geto wawili au watatu. Mkiwa wawili, chumba cha elfu 50 kinakuwa elfu 25 kwa mtu. Andikeni nani alilipa nini, maana urafiki mwingi wa geto huvunjikia kwenye LUKU.

Njia nyingine ni pagale. Pembeni mwa jiji, Kivule, Goba, Bunju, Kigamboni, watu wengi wana nyumba ambazo hazijaisha na wanataka mtu alale humo asiibiwe nondo na saruji. Unakaa bila kodi, unalinda. Ni msaada mkubwa, lakini orodhesheni vifaa vyote siku ya kwanza na mtie saini wote wawili, la sivyo mfuko mmoja ukipotea utaitwa mwizi.

Kwa dada anayetafuta peke yake: usiende kuona chumba bila mtu, wala usiende jioni. Mwenye nyumba au dalali anayeanza kusema kodi "tutaelewana" huku anakutazama vibaya ameshakueleza maisha ya humo yatakavyokuwa. Ondoka. Tafuta nyumba yenye mama mwenye nyumba anayeishi ndani.

Mkataba uandikwe hata kama ni wa karatasi ya daftari. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za pango ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo kinga yako kubwa ni yale mliyoandikiana: kiasi, muda, notisi ya kuhama, nani anatengeneza kitasa kikiharibika. Nakala mbili, shahidi kila upande, na ikiwezekana mpeleke ofisi ya serikali ya mtaa. Mkigombana, Baraza la Kata husuluhisha. Likishindwa, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko utaulizwa karatasi.

Ukishaingia, usingoje. Wiki hiyo hiyo nenda kwa mjumbe ujiandikishe, kisha umsalimie mwenyekiti wa mtaa. Waajiri wengi, kuanzia kampuni za ulinzi hadi maduka ya Kariakoo, wanataka barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa unapoishi, na mwenyekiti hawezi kumwandikia mtu asiyemjua.