Kifaduro: Kikohozi Kimoja, Sura Tatu



Hapa kwetu kando ya ziwa, kutoka Dunga na Asembo hadi Kendu Bay, mtoto akikohoa watu husema, "Ni baridi ya ziwa tu, itaisha." Mara nyingi huisha kweli. Lakini kuna kikohozi ambacho wiki zikipita kinazidi badala ya kupungua. Huenda ni kifaduro. Kifaduro si chira wala si baridi. Huletwa na bakteria ambao wanasayansi Jules Bordet na Octave Gengou waliwaeleza mwaka 1906, nao huenea mgonjwa anapokohoa au kupiga chafya.

Wengi wetu tunakijua kwa mlio wake: mtoto anakohoa mfululizo, kisha anavuta pumzi kwa sauti kali kama jogoo mchanga anayejifunza kuwika. Kumbe si kila mgonjwa hutoa mlio huo. Mtoto mchanga, ambaye ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kufa, mara nyingi hana mlio kabisa. Kwa hiyo tujifunze dalili za kila umri.

KINAVYOANZA

Wiki moja au mbili za kwanza ni kama mafua: kamasi, homa kidogo, kikohozi kidogo. Wakati huo kinaambukiza sana, na hakuna anayekishuku.

DALILI KWA UMRI

1. Mtoto chini ya miezi 6. Huenda asikohoe sana. Anakabwa, anashindwa kunyonya, au anaacha kupumua kwa muda. Ulimi na midomo hubadilika rangi kuwa ya bluu au kijivu. Kwa ngozi nyeusi, tazama ndani ya mdomo. Ukiona hivyo, usingoje kupambazuke.

2. Mtoto mkubwa kidogo hadi wa shule. Anakohoa mfululizo, zaidi usiku, macho yanakuwa mekundu, mlio unasikika, kisha anatapika. Baadaye anacheza kama hana neno. Usidanganyike!

3. Vijana na watu wazima. Ni kikohozi kisichoisha, wiki nyingi, hata zaidi ya miezi miwili. Baba anaendelea kwenda ziwani, mama anauza omena sokoni, nyanya anampakata mjukuu. Hapo ndipo mtoto mchanga anapoupata ugonjwa. Kikohozi kirefu chaweza pia kuwa kifua kikuu, kwa hiyo mtu mzima aende akapimwe.

TUFANYE NINI?

- Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya hatari. Mpeleke hospitali mara moja. Fanya hivyo pia akipata degedege au akishindwa kunyonya.
- Akikohoa mfululizo, mlaze kwa ubavu ili matapishi yasimwingie kifuani.
- Mnyonyeshe au mlishe kidogo kidogo, mara nyingi, hasa baada ya kutapika.
- Mwondoe kwenye moshi wa jikoni. Usimpe dawa ya kuzuia kikohozi, na aliye chini ya mwaka 1 asipewe asali.
- Dawa aliyoandikiwa na daktari aimalize. Ikianza mapema husaidia zaidi. Ikichelewa, bado huzuia kuwaambukiza wengine. Mgonjwa akae mbali na watoto wachanga mpaka amalize siku 5 za dawa. Asipopata dawa, akae mbali wiki 3.

CHANJO

Kinga ya kifaduro imo ndani ya sindano ya pentavalenti, ambayo mtoto hupewa akiwa na wiki 6, 10 na 14, bila malipo katika vituo vya serikali. Kabla ya wiki 6 mtoto hana sindano hata moja ya kumkinga. Anategemea sisi tulio karibu naye. Sindano moja peke yake haitoshi. Ukichelewa, usione haya: nenda na kadi, nesi atakupangia. Kinga nayo hupungua baada ya miaka kadhaa, ndiyo maana mtu mzima aliyechanjwa utotoni aweza kuugua.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Katika boma zetu, ni nani anakohoa zaidi ya wiki mbili? Je, kuna mtoto mchanga hapo?
2. Ni watoto gani hawajamaliza sindano tatu? Nani atawasindikiza mama zao kliniki?
3. Usiku mtoto akiacha kupumua, tutampata wapi mwenye pikipiki, na nauli itatoka mfuko gani?

Swali la tatu lijibiwe kabla mkutano haujafungwa.