Mbinu za Kutuliza Wasiwasi Ukiwa Shambani Dakawa

Msimu wa kuamia ndege, mkulima wa mpunga wa Dakawa, Morogoro, hukaa shambani tangu alfajiri hadi jua kuzama. Mikono inarusha udongo kufukuza kwelea kwelea, lakini akili iko kwenye mkopo wa mbolea, ada ya mtoto na Mto Wami. Anayekumbuka Januari 2014, mafuriko yalipokata barabara ya Morogoro–Dodoma pale Dumila, ana haki ya kushtuka wingu likitanda. Kuwa na wasiwasi si upungufu wa imani wala ulegevu.

Tatizo ni pale hofu inapokuvamia ghafla: moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, unajiona unakufa. Ikikutokea kwa mara ya kwanza, nenda ukapimwe, maana ugonjwa wa moyo, sukari kushuka na malaria vinaweza kufanana nayo. Ukithibitishiwa kuwa ni hofu, elewa kinachoendelea. Mwili umemwaga adrenalini na unahema harakaharaka. Kabonidayoksaidi inapungua kwenye damu, ndipo ganzi na kizunguzungu vinapokuja. Mara nyingi hali hiyo hufikia kilele ndani ya dakika 10, kisha hushuka yenyewe.

1. Refusha pumzi ya kutoa. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe taratibu ukihesabu hadi 6. Endelea kwa dakika chache. Usipumulie ndani ya mfuko. Ni hatari kwa mwenye pumu au ugonjwa wa moyo.

2. Rudisha akili ulipo. Taja vitu 5 unavyoviona, 4 unavyovigusa, sauti 3, harufu 2 na ladha 1. Jarubani havikosekani: suke lililoinama, tope baridi kati ya vidole vya miguu, maji yanayoingia kutoka mferejini.

3. Jizoeze ukiwa mtulivu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanangoja hofu ije ndipo wajaribu kupumua. Fungamanisha zoezi na kazi unayoifanya kila siku. Kila unapopita juu ya tuta la jaruba, sikiliza nyayo zako. Mawazo yakikuchukua, yarudishe bila kujilaumu. Mwili uliozoea utakumbuka wakati wa shida.

4. Yape mawazo saa yake. Tenga dakika 20 jioni, mbali na muda wa kulala. Andika kila linalokusumbua, kisha chagua moja unaloweza kulishughulikia kesho. Wazo likija usiku, liambie lisubiri zamu yake.

5. Punguza vichochezi. Kahawa, chai ya rangi nzito na sigara huongeza mapigo ya moyo. Pombe hulaza kwa muda, kisha huharibu usingizi na kuuamsha wasiwasi.

6. Zungumza na mtu. Nchini Zimbabwe, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha mabibi wa mtaani kukaa benchini na wenye mawazo mazito, kuwasikiliza na kutafuta nao ufumbuzi. Mpango huo umefika hata Zanzibar. Nawe mtafute shangazi, shehe, mchungaji au mkulima mwenzako anayetunza siri.

Hofu ikikuzuia kwenda shambani, ikakunyima usingizi kwa wiki kadhaa, au ukaanza kufikiria kujidhuru, usikae peke yako. Mwambie mtu wa karibu leo, akusindikize kituo cha afya. Hofu inatibika, na anayewahi hupata nafuu mapema.